Kuku akifura wayo, linda pia mkono wako

MAMA mmoja anayefuga kuku 12 nyuma ya nyumba yake mtaani Kayole, Nairobi, alikuja kuniona akiwa amefura kidole gumba cha mkono wa kulia. Kidole kilikuwa cha moto, kimejaa usaha, na kilikuwa kimemkesha usiku mbili mfululizo. Nilipomuuliza kilichomdunga, alisita kidogo kisha akasema ni wembe. Alikuwa akimpasua kuku wake wayo ili atoe usaha. Kuku akapiga teke, wembe ukateleza.

Ajali kama hiyo si jambo geni. Lililonishtua ni lile alilosema nilipokuwa nikimfunga bendeji. Mwanawe wa miaka saba alikuwa ameandikiwa dawa ya kifua ya siku tano. Siku ya tatu mtoto alipochangamka, mama alifungua vidonge vilivyosalia na kumimina unga wake katika maji ya kunywa ya kuku. Kuku hakupona, na mtoto alikuwa bado anakohoa.

"Daktari, na kuku je?" aliniuliza akiwa mlangoni. "Ndiye anayetaga kuliko wote."

Mimi ni daktari wa watu, si wa mifugo. Hata hivyo, niliona kwamba nisipomjibu swali hilo, angerudi nyumbani na kuchukua wembe mwingine. Nilimpigia simu mwenzangu ambaye ni daktari wa mifugo. Mengi nitakayokueleza hapa kuhusu kuku ni ya elimu yake. Yale yanayohusu mkono wako na dawa za watoto wako ni yangu.

Ugonjwa wenyewe

Ukimwona kuku wako akichechemea au akisimama kwa mguu mmoja kwa muda mrefu, mshike umwangalie chini ya mguu. Ukikuta wayo umefura, una joto, na katikati kuna kigaga cheusi kama kifungo kidogo, basi kuna uwezekano mkubwa kwamba ana uambukizo wa wayo. Madaktari wa mifugo huuita pododamatitisi.

Ugonjwa huu huanza na jeraha dogo. Kuku hukanyaga kibanzi cha mbao, kipande cha waya au kokoto yenye makali. Wakati mwingine ngozi ya wayo hulainika kwa sababu ya kukaa kwenye kinyesi kilicholowa, kisha hupasuka. Bakteria huingia kupitia hapo. Anayepatikana mara nyingi ni yule aitwaye stafilokokasi.

Msomaji, huyu si mgeni kwako. Mwaka wa 1880 daktari wa upasuaji kutoka Scotland, Alexander Ogston, alitazama usaha wa majipu ya watu kwa darubini akaona viini vilivyoshikamana kama vichala vya zabibu. Baadaye yeye ndiye aliyevipa jina hilo la stafilokokasi. Karibu mtu mmoja kati ya watatu hubeba stafilokokasi puani bila kuugua. Ndio huleta majipu, vidole vya usaha na vidonda vinavyokataa kupona. Hivyo basi, unapomshika kuku mwenye kidonda, viini vyaweza kutoka kwake kuja kwako, na pia kutoka kwako kwenda kwake.

Kwa nini kuku wa mjini?

Kuku wa mashambani hutembea juu ya udongo na majani. Wa mjini hukaa kwenye saruji, kokoto na matope ya mahali pamoja. Nafasi ni ndogo, kinyesi hurundikana upesi, na maji yakimwagika hayana pa kwenda.

Jambo la pili ni uzito. Kuku wa kienyeji walioboreshwa, pamoja na majogoo wanaofugwa hadi wakawa wakubwa, ni wazito kuliko kuku wa kienyeji wa zamani. Wakiruka kutoka juu hadi kwenye saruji kila asubuhi, wayo hupigwa na kuchubuka.

La tatu ni chakula. Kuku anayelishwa mabaki ya ugali na pumba za mahindi meupe peke yake hukosa vitamini A, ambayo huipa ngozi nguvu ya kujikinga. Mahindi meupe hayana ile rangi ya manjano ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini hiyo. Sukuma wiki, mchicha na terere zinayo tele.

Hakikisha ni ugonjwa huu

Si kila kuku anayechechemea ana uambukizo wa wayo. Kabla ya kuchemsha maji, chunguza haya:

Ikiwa magamba ya miguu yameinuka, yana ukoko mweupe na mguu unaonekana mnene wote, huo ni utitiri wa miguu. Huo hutibiwa kwa kuosha mguu kwa maji ya sabuni na kuupaka mafuta mazito ya kujipaka kama yale ya watoto ili kuwaziba pumzi wadudu hao. Usitumie mafuta taa wala oili chafu ya gari kama wengi wafanyavyo, kwani huunguza ngozi.

Ikiwa kuku amelala mguu mmoja ukielekea mbele na mwingine nyuma, na wayo hauna jeraha, huenda ni ugonjwa wa Marek, ambao hushambulia mishipa ya fahamu. Ikiwa shingo imepinda, kuku anaharisha kijani na wenzake wanakufa kwa haraka, fikiria Newcastle, ambao wengi huuita kideri. Magonjwa haya mawili husababishwa na virusi na hayana tiba. Kinga yake ni chanjo. Mwite daktari wa mifugo mara moja na usiwauze wala kuwahamisha kuku waliosalia.

Aidha, ikiwa kuku kadhaa wamefura viungo vya miguu kwa wakati mmoja, huo si mwiba wa kuku mmoja. Mwite mtaalamu.

Tiba ya nyumbani

Uvimbe ukiwa mdogo, kuku anakula na anakanyaga, waweza kumtibu mwenyewe. Utahitaji glavu za mpira, beseni ambalo halitumiki jikoni, chumvi, sabuni, dawa ya povidoni ayodini, vitambaa safi vya kufungia vidonda na bendeji. Vyote hupatikana katika duka la dawa la mtaani.

Kwanza, mtenge kuku huyo. Mweke ndani ya boksi au tundu kavu lililotandikwa maranda mapya ya mbao au magazeti, awe na maji na chakula karibu ili asitembee sana.

Pili, mshughulikie jioni, kwa kuwa kuku hutulia giza linapoingia. Mfunike mbawa na macho kwa taulo kuukuu, na mtu mwingine amshike. Tahadhari moja kubwa: usimkandamize kifuani. Kuku hupumua kwa kuinua na kushusha mfupa wa kifua, na ukiubana anaweza kufa mikononi mwako.

Tatu, loweka mguu. Tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi katika kila nusu lita ya maji yenye uvuguvugu. Yapime kwa kiwiko kama unavyoyapima maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Acha mguu humo kwa dakika 10 hadi 15, kisha uusugue taratibu kwa sabuni na kitambaa laini.

Nne, tazama kigaga. Kikiwa kimelegea na kinatoka chenyewe unapokifuta, kiache kitoke. Kikiwa kimeshika, kiache hadi kesho na uloweke tena. Usikivute kwa nguvu wala kukichokoa kwa sindano.

Tano, kausha mguu, kisha upake povidoni ayodini iliyopunguzwa kwa maji safi hadi iwe na rangi ya chai ya mkandaa isiyokolea. Hapana haja ya dawa kali. Spiriti na dawa za kusafishia vyoo huunguza nyama changa inayojaribu kuota. Majivu nayo huongeza uchafu ndani ya kidonda.

Sita, weka kitambaa safi juu ya kidonda na ufunge bendeji ukiipitisha katikati ya vidole hadi juu kidogo ya kifundo. Isibane. Baada ya saa moja tazama vidole. Vikiwa vimefura au ni baridi, legeza.

Rudia kazi hii kila siku kwa juma moja. Bendeji ikilowa, ibadilishe hata kama saa hazijafika. Kufikia siku ya saba uvimbe unapaswa kuwa umepungua na kuku anakanyaga vizuri zaidi. Kidonda kufunga kabisa kwaweza kuchukua majuma kadhaa, kwa hivyo usimrudishe kwa wenzake mapema.

Usimpasue

Sasa turudi kwa wembe. Yule mama alinieleza kwamba alitaka "kutoboa jipu" kama tunavyowatoboa watu. Ni wazo la kawaida, lakini jipu la kuku si kama la mtu.

Usaha wa binadamu ni majimaji kwa sababu chembe zetu nyeupe za damu zina kemikali zinazoyeyusha nyama iliyooza. Za kuku hazina uwezo huo. Kwa sababu hiyo usaha wa kuku huwa mgumu, mfano wa kiini cha yai lililochemshwa, na hukaa katikati ya wayo. Ukitoboa, hautoki kitu ila damu. Ukizidi kukata ukiutafuta, utafikia kano na mifupa, ambayo iko karibu sana na ngozi. Hapo umewafungulia bakteria mlango wa kuingia kwenye mfupa, na kuku ambaye angepona atabaki kilema.

Isitoshe, kuku huhisi uchungu kama kiumbe kingine chochote. Uvimbe mgumu unaohitaji kutolewa hutolewa na daktari wa mifugo, akiwa na dawa ya ganzi na vyombo vilivyochemshwa.

Dawa ya mtoto si ya kuku

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko jeraha la kidole.

Antibiotiki iliyomiminwa katika maji haina kipimo. Kuku mgonjwa hunywa kidogo, wenzake wazima hunywa nyingi. Isitoshe, dawa haipenyi kwa urahisi kwenye ule usaha mgumu. Matokeo ni kwamba bakteria huonjeshwa dawa kidogo isiyotosha kuwaua. Walio dhaifu hufa, wenye nguvu hubaki na kuzaana.

Onyo hili si la jana. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini, alilitoa mwaka wa 1945 alipokuwa akipokea Tuzo ya Nobel: kwamba kutumia dawa kidogo mno huwafundisha viini kuizoea. Kabla ya mwongo huo kwisha, tayari hospitali za Uingereza zilikuwa zikiona stafilokokasi wengi wasiosikia penisilini. Mwaka wa 1961 ikaripotiwa huko aina isiyosikia hata methisilini, dawa iliyokuwa imetengenezwa kupambana na wale sugu. Leo viini hivyo sugu viko katika hospitali za dunia nzima. Mwaka wa 2017 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo likiwataka wakulima waache kuwapa mifugo wazima dawa ambazo binadamu wanazitegemea.

Yafikirie haya ukiwa nyumbani kwako. Bakteria wanaozoea dawa ndani ya tundu la kuku wako hawabaki humo. Huja jikoni kwa viatu, kwa mikono na kwa mayai yenye kinyesi. Siku mwanao atakapopata nimonia au kidonda kibaya, nitamwandikia dawa ile ile, na huenda isifanye kazi. Vivyo hivyo, dawa aliyoandikiwa mtoto ni ya mtoto. Anywe kama alivyoagizwa, na akipata nafuu mapema, aliyemwandikia ndiye wa kuulizwa, si jirani wala kuku. Usimpe kuku dawa za watu za kutuliza maumivu pia.

Jambo jingine ni mayai na nyama. Kuku akipewa antibiotiki, dawa hiyo hubaki mwilini na kuingia katika mayai kwa siku kadhaa. Kila dawa ya mifugo ina muda wake wa kungoja, ulioandikwa kwenye karatasi yake. Mayai yanayotagwa katika muda huo hayaliwi wala hayauzwi, na kuku hachinjwi. Ukinunua dawa katika duka la agrovet bila kuandikiwa na daktari wa mifugo na bila kuuliza muda huo, unajilisha dawa na kuwalisha wateja wako.

Na usimchinje kuku mgonjwa ili "asiharibike bure". Najua miguu ya kuku hupendwa sana katika mitaa yetu. Lakini stafilokokasi akipata nafasi ya kuzaana katika nyama hutoa sumu ambayo haimalizwi na moto, hata supu ichemke kiasi gani. Mguu wenye kidonda haupaswi kutiwa chunguni.

Linda mkono wako

Vaa glavu kila unapomshika kuku huyo. Ukimaliza, zitupe na unawe mikono kwa maji na sabuni kwa muda usiopungua sekunde 20, ukisugua chini ya kucha. Bendeji chafu zifunge ndani ya karatasi ya plastiki uzitupe mahali ambapo watoto na mbwa hawafiki. Maji ya kulowekea yamwage chooni, si kwenye sinki ya vyombo.

Watoto walio chini ya miaka mitano wasimshike kuku mgonjwa. Wenye ugonjwa wa kisukari, wanaoishi na virusi vya HIV, wazee na kina mama wajawazito ni vyema wamwachie mtu mwingine kazi hii. Ikiwa una kidonda mkononi, kifunike kwanza.

Ukijikata au ukidungwa, osha jeraha papo hapo kwa maji mengi na sabuni, kisha nenda kituo cha afya ukaulize kuhusu chanjo ya pepopunda, hasa kama ni zaidi ya miaka mitano tangu uchanjwe. Viini vya pepopunda hukaa kwenye udongo na kinyesi, na tundu la kuku lina vyote viwili. Usingoje ikiwa kidole kinapwita, uvimbe unapanda mkononi, una homa, au huwezi kukunja kidole. Yule mama alingoja siku nne. Nililazimika kumpasua kidole ili usaha utoke, na kwa majuma mawili hakuweza kufua wala kusonga ugali.

Wakati wa kumwita daktari wa mifugo

Mwite ikiwa uvimbe umepanda juu ya wayo hadi mguuni, kuku hakanyagi kabisa, hali chakula, kidonda kinanuka, au juma moja limepita bila nafuu. Huenda ukasema gharama yake inapita bei ya kuku. Hesabu tena: ni bei ya kuku, ya mayai ya miezi ijayo, na ya kuku wengine 11 wanaokanyaga pale pale. Hakikisha tu kwamba unayemwita amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Si kila mwenye bomba la sindano ni daktari.

Kuzuia

Kinga ya ugonjwa huu haigharimu pesa nyingi. Tandika maranda makavu ya unene wa inchi tatu au nne, na uondoe yaliyolowa kila siku, hasa karibu na chombo cha maji. Fito za kulalia zisipite futi moja na nusu kutoka chini kwa kuku wazito. Ziwe na upana wa inchi mbili hivi, zilainishwe kingo, zisiwe na misumari wala vibanzi. Okota waya, chupa zilizovunjika na mifupa uani. Wape mboga za majani. Na mara moja kwa juma, jioni wanapolala, mwinue kila kuku na utazame nyayo zake. Kuku kumi na wawili hawakuchukui robo saa, na kidonda kinachoonekana kikiwa kidogo hupona kwa maji ya chumvi.

Yule mama alirudi baada ya juma moja nimwangalie kidole. Mtoto nilimpima, nikamwandikia dawa upya, na mama akaniahidi kwamba mara hii hakuna kidonge kitakachotoka nje ya nyumba. Kuku alikuwa ametibiwa na mwenzangu, amefungwa bendeji, na mayai yake yalikuwa yakitupwa hadi siku za kungoja zimalizike. Alilalamika kidogo kuhusu hayo mayai. Nilimwambia ni afadhali mayai kumi shimoni kuliko dawa moja iliyoshindwa siku mtoto anapoihitaji.